Nyumba ya Kugusa: Ndugu Mdogo wa Oppenheimer na Makumbusho Yake

Wengi wetu tulilijua jina la Oppenheimer mwaka wa 2023, filamu ya Christopher Nolan ilipofika kwenye majumba ya sinema. Tulimwona Robert, yule mwanafizikia mwembamba wa kofia na sigara, akiongoza kazi ya kuunda bomu la atomiki huko Los Alamos, kisha tukaona serikali aliyoitumikia ikimgeuka. Mdogo wake, Frank, yumo pia kwenye filamu hiyo, lakini anapita tu. Ukitoka kidogo kwenda kununua bisi, unaweza kumkosa.

Lakini kama umewahi kuingia kwenye jumba la makumbusho ya sayansi, ukakuta kifaa kinachokutaka ukizungushe, ukivute, ukipulize au ukipigie makofi ili kikuonyeshe jambo, huenda umekutana na kazi ya Frank bila kujua. Mwaka wa 1969 alifungua Exploratorium mjini San Francisco, na tangu wakati huo mafundi na walimu wa nchi nyingi wamekuwa wakiiga kutoka hapo.

Nitaanza mbali kidogo, kwa sababu Frank hakuwa wa kwanza kuwaambia watu waguse. Jambo lake jipya lilikuwa kuwaamini wageni na vitu vinavyoweza kuharibika mikononi mwao. Na imani hiyo ilitoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amenyimwa imani kwa miaka kumi.

*

Makumbusho mengi ya zamani yalisimama juu ya neno moja: usiguse. Neno hilo lina sababu zake, tusilidharau. Sanamu ya miaka elfu mbili ikianguka haina spea. Kitambaa cha kale kikishikwashikwa na mikono ya jasho kinaoza. Yule mlinzi anayekufuata chumba hadi chumba kana kwamba umekuja kuiba hana ubaya. Analinda mali ya watoto ambao hawajazaliwa bado.

Shida ilianza pale mashine zilipoingizwa kwenye kabati hizo hizo za vioo. Chungu ukikitazama, unaona chungu, na kwa kiasi fulani unaelewa kazi yake. Injini ya mvuke ukiitazama ikiwa imesimama, unaona chuma tu. Hujui nini kinasukuma nini, wala kwa nini moto wa huku unazungusha gurudumu la kule. Mashine iliyozimwa ni kama mtu aliyelala: ukimtazama hapo kitandani huwezi kujua anafanya kazi gani.

Aliyelishika tatizo hili kwa nguvu ni Oskar von Miller, mhandisi wa umeme wa Ujerumani, aliyeanzisha Deutsches Museum mjini Munich mwaka wa 1903. Jengo lake kuu lilichukua miaka mingi, vita vikiwa katikati, na likafunguliwa tarehe 7 Mei 1925, siku aliyotimiza miaka 70. Humo ndani mashine zilikatwa ubavu ili watu waone matumbo yake. Mgeni alizungusha mkono wa mashine, ama akabonyeza kitufe, na pistoni ikapanda na kushuka mbele ya macho yake. Kulikuwa hata na mgodi wa kuigiza ambao mgeni angeweza kupita ndani yake kama mchimbaji. Na kabla ya Munich kulikuwa na Berlin. Huko, taasisi iliyoitwa Urania, iliyoanzishwa mwaka wa 1888, ilikuwa tayari imewawekea wananchi wa kawaida majaribio ya fizikia ambayo waliyaanzisha wenyewe kwa kubonyeza vitufe.

Wazo likasafiri. Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago aliyeongoza kampuni ya Sears, Roebuck, alikwenda Munich na familia yake kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanawe mdogo alinaswa na zile mashine. Baba akakumbuka jambo hilo kwa miaka mingi, na mwishowe akatoa mamilioni ya dola ili Chicago nayo ipate jumba la namna hiyo. Lilifunguliwa mwaka wa 1933, likiwa na mgodi wake wa makaa ya mawe. London ilikuwa imefungua ukumbi wa watoto ndani ya Science Museum mwaka wa 1931. Kivutio kimoja pale kilikuwa mlango uliojifungua wenyewe mtu alipokatiza mwali wa taa, jambo ambalo leo tunalipita kila siku kwenye supamaketi bila kugeuza shingo. Paris ikafuata mwaka wa 1937 na Palais de la Découverte, kazi ya Jean Perrin, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ambapo majaribio ya kweli yalifanywa mbele ya umati.

Kwa hivyo mtu asikudanganye ati Wamarekani wa miaka ya sitini ndio waliovumbua makumbusho ya kugusa. Mikono ilikuwa imeruhusiwa zamani. Swali ni iliruhusiwa kufanya nini.

Chukua kile kitufe. Unakibonyeza, taa inawaka, gurudumu linazunguka nusu dakika, linasimama. Anakuja mwenzako, anabonyeza, kinatokea kile kile. Mtu aliyebuni kifaa hicho ameuliza swali yeye na kulijibu yeye. Wewe amekuachia kazi ya kuwasha. Ungekuwa tumbili, kifaa kingefanya vile vile. Watoto hulitambua jambo hili upesi kuliko wazazi wao. Ndiyo maana utamwona mtoto akikimbia kutoka kitufe hadi kitufe, akivibonyeza vyote mstari mzima, bila hata kungoja aone kitakachotokea. Ameshajua kwamba hakuna kinachomtegemea.

*

Frank Oppenheimer alizaliwa New York mwaka wa 1912, miaka minane baada ya Robert. Alisoma fizikia kama kaka yake, akapata shahada ya uzamifu Caltech, California, mwaka wa 1939. Kaka alikuwa mtu wa nadharia na ubao. Frank alipenda vyombo, nyaya na bisibisi.

Mwaka wa 1937, yeye na mkewe Jackie walijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Marekani. Ilikuwa miaka ya njaa na ukosefu wa kazi. Kulikuwa pia na ubaguzi wa rangi, ambao hawakuweza kuufumbia macho. Baadaye Frank alisimulia kuhusu bwawa la kuogelea la umma mjini Pasadena, ambako watu weusi waliruhusiwa siku moja tu kwa wiki, kisha maji yote yakamwagwa kabla wazungu hawajarudi kuogelea. Chama chao kilijaribu kuvunja utaratibu huo, wakashindwa. Baada ya miaka michache wakakiacha chama.

Vita vilipokuja, Frank aliingia kwenye kazi ya bomu. Alishughulikia utenganishaji wa urani, kwanza Berkeley, kisha Oak Ridge, na mwaka wa 1945 akaenda Los Alamos. Alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza lilipolipuliwa jangwani New Mexico, ndugu hao wawili walikuwa wamelala chini kando kwa kando. Wiki tatu baadaye Hiroshima iliteketea. Ile ilikuwa sayansi kubwa kuliko zote za zama zake, na ilifanywa nyuma ya ua wa seng'enge, na watu ambao wengi wao hawakuambiwa wanachokiunda.

Baada ya vita Frank alipata kazi Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka wa 1947 gazeti moja likaandika kwamba aliwahi kuwa mkomunisti. Alikana, na akakiambia chuo chake hivyo hivyo. Alidanganya. Juni 1949 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, na hapo akasema kweli: ndiyo, tulikuwa wanachama, mimi na mke wangu. Alipotakiwa kutaja majina ya wengine alikataa. Siku hiyo hiyo alikuwa ameshapoteza kazi yake Minnesota, na hakuna chuo kingine kilichomchukua. Pasipoti akanyimwa, kwa hivyo hata kwenda kufanya kazi ng'ambo hakuweza.

Sisemi haya ili kumtakasa. Mtu aliyesema uwongo kwa mwajiri wake amejitia doa mwenyewe. Lakini adhabu haikulingana na kosa. Akiwa na umri wa miaka 36, mmoja wa mafundi hodari wa fizikia ya majaribio alifungiwa nje ya maabara zote za nchi yake.

Waliuza mchoro wa Van Gogh ambao Frank aliurithi kutoka kwa babake, wakaenda kufuga ng'ombe kwenye ranchi karibu na Pagosa Springs, mji mdogo wa milimani Colorado. Hawakujua ufugaji, walijifunza kwa kuharibu na kurekebisha. Maafisa wa FBI waliendelea kuwafuatilia huko huko malishoni. Miaka ikapita, karibu kumi.

Mwaka wa 1957 shule ya upili ya mji huo ikamkubali afundishe sayansi. Hebu fikiria: shule ya mashambani, mwalimu wa sayansi ni mmoja, na mwalimu mwenyewe alikuwepo siku bomu la kwanza lilipolipuka. Vifaa hakuna. Basi Frank akawapeleka wanafunzi jaani. Kwenye jaa la taka la mji waliokota mabaki ya magari na mitambo, wakayafungua ili kujua joto, umeme, mwendo na nguvu. Muda si muda watoto wa Pagosa Springs wakaanza kushinda kwenye mashindano ya sayansi ya jimbo zima.

Kila ninaposoma kuhusu jaa lile nasimama hapo. Kitu kilichotupwa kina sifa moja ambayo kifaa cha maabara hakina: huwezi kukiharibu, kimeshaharibika. Mwanafunzi anayekishika haogopi kuitwa ofisini kwa mkuu. Mikono yake inakuwa huru, na maswali yanakuja baada ya mikono. Nadhani sehemu kubwa ya makumbusho ya Frank ilibuniwa pale jaani, miaka kumi na zaidi kabla hayajapata jina.

*

Mwaka wa 1959 Chuo Kikuu cha Colorado kilimfungulia mlango. Huko alitengeneza kitu alichokiita maktaba ya majaribio. Yalikuwa majaribio mengi yaliyopangwa ukumbini na kuachwa tayari, na mwanafunzi alikuja saa aliyotaka, akachagua, akacheza na chombo mpaka aridhike, kama mtu anayechagua kitabu kwenye rafu.

Mwaka wa 1965 alikwenda Ulaya kwa mwaka wa utafiti, maana pasipoti sasa alikuwa nayo, na akatumia nafasi hiyo kuzunguka makumbusho: Munich, London, Paris. Alivipenda vingi alivyoviona. Aliporudi alikuwa ameshaamua. Mwaka wa 1968 aliandika makala kwenye jarida la Curator akieleza kwa nini watu wanahitaji jumba la makumbusho ya sayansi. Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba pengo kati ya sayansi na maisha ya watu limekuwa pana mno, na kwamba vitabu, televisheni na madarasa havitaliziba, kwa sababu vyote vinamwacha mtu bila kitu mkononi.

San Francisco kulikuwa na jengo kubwa lililokaa bila kazi ya maana. Palace of Fine Arts lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka wa 1915, likachakaa, likajengwa upya kwa saruji miaka ya sitini. Ukumbi wake ni mrefu ajabu na umepinda kama mundu. Jiji likamkodishia Frank kwa dola moja kwa mwaka. Mwaka wa 1969 milango ilifunguliwa. Hakukuwa na utepe wa kukatwa wala hotuba ya mheshimiwa. Vifaa vilikuwa vichache, ukumbi ulikuwa wa baridi na nusu gizani, na watu wakaanza kuingia.

Walichokikuta mbele yao ni karakana. Si nyuma ya ukuta wala chini ya ngazi. Hapo hapo ukumbini, ambapo kila mtu anaona. Mafundi walikuwa wakikata mbao, wakichomelea vyuma, wakirekebisha vilivyoharibika. Katika makumbusho mengi kazi ya kutengeneza hufichwa ili kitu kionekane kana kwamba kilishuka kutoka mbinguni kikiwa kamili. Frank, aliyewahi kufanya sayansi nyuma ya seng'enge, aliiweka karakana mlangoni. Mtoto aliyeona kifaa kikichomelewa asubuhi na akakichezea jioni hatadhani kuna watu maalum waliozaliwa na siri ya vyuma.

Walinzi wa kufuata watu hawakuwepo. Badala yake kulikuwa na vijana wa shule za upili, waliolipwa kwa kazi hiyo, ambao walizunguka ukumbini kuzungumza na wageni. Waliitwa waelezaji. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya alama zao za sayansi. Wengi hawakuwa na habari na fizikia walipoanza, na hilo ndilo lililotakiwa. Aliyeelewa jambo wiki iliyopita bado anakumbuka mahali alipokwama, profesa ameshasahau. Kijana aliyeulizwa swali gumu angeweza kusema, "Sijui, hebu tujaribu tuone," na hakuna aliyemcheka.

Kazi yao moja iliyopata sifa ni kupasua jicho la ng'ombe. Kijana anasimama mezani na macho yaliyotoka kichinjioni, anakata mbele ya watu, anatoa lenzi iliyo wazi kama tone la maji na kuwapa wageni waitazame. Wapo waliogeuza nyuso. Lakini wengi walirudi kusogea, mmoja mmoja, wakitazama kwa macho yao kitu kile kile wanachotazamia.

Na kulikuwa na ule mzigo unaoning'inia. Ni chuma kizito, kizito kuliko mtu mzima, kimefungwa kwa kamba toka juu. Kando yake kuna vijisumaku vidogo vilivyofungwa kwa uzi. Unarusha kijisumaku kinashika kwenye chuma, kisha unavuta. Ukivuta kwa nguvu, sumaku inabanduka na chuma hakijali. Ukivuta polepole, ukaachia, ukavuta tena kwa wakati ule ule ambao chuma chenyewe kinataka kukujia, basi baada ya muda kile chuma kinaanza kuyumba. Ukiendelea kinayumba sana. Mtoto wa miaka saba anaweza kukiyumbisha, na baba mwenye misuli akashindwa. Hakuna kitufe pale. Hakuna anayekupa jibu. Usipovuta kwa saa yake, hakuna kitakachotokea, na kikitokea unajua ni wewe uliyekifanya.

*

Imani ina gharama. Vitu viliharibika kila siku. Kamba zilikatika, vioo vilipasuka, mikono ya mashine iling'oka. Mkurugenzi wa kawaida angeweka kioo cha kinga na bango la onyo. Pale Exploratorium walijizoeza kuuliza swali tofauti: huyu aliyevunja alikuwa anajaribu kufanya nini? Mara nyingi alikuwa akijaribu jambo la maana ambalo mbunifu hakulifikiria. Basi kifaa kilirudi karakanani, hatua chache tu, kikatengenezwa upya ili jambo hilo liwezekane. Ndivyo walivyozoea kuweka ukumbini kifaa ambacho hakijakamilika, wakasimama pembeni na kutazama watu wanakifanyia nini kabla ya kupaka rangi. Fundi yeyote wa jua kali anaijua njia hiyo. Mteja akirudisha jiko kwa sababu mguu umepinda, jiko la pili linakuwa na mguu mwingine.

Frank alipenda kusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kufeli jumba la makumbusho. Kwetu, ambao tumekulia kwenye mitihani ya kuamua maisha, maneno hayo yana uzito wake. Hapo ukumbini hakuna anayeandika alama. Unaweza kujaribu kitu mara kumi na kushindwa mara kumi, ukaenda zako kunywa chai.

Lakini kuruhusu mikono peke yake hakutoshi, na watu wa Exploratorium walilijua hilo kwa kujichunguza. Miaka mingi baada ya Frank, watafiti wao waliwafuatilia wageni na kugundua kwamba kifaa chenye jibu moja la kushangaza kinachoka haraka: mgeni anaona, anasema "ahaa," anaondoka. Kifaa chenye njia nyingi za kuanzia, chenye nafasi ya watu wawili au watatu kusimama pamoja, kiliwashika watu muda mrefu zaidi, na maswali yakawa yao wenyewe. Waligundua pia hatari ya upande wa pili. Ukikijaza kifaa mikono, swichi na vidude kila upande, mgeni hajui aanzie wapi na anaondoka akidhani yeye ndiye mjinga. Mbunifu mzuri hukaa kati ya hayo mawili, akiacha jambo moja lijitambulishe lenyewe na mengine yangoje mtu ayatafute.

Kuna lawama nyingine ambayo siwezi kuiruka. Majumba ya namna hii yamelaumiwa kwamba yanaonyesha sayansi isiyo na watu. Mwanga unapinda, sauti inarudi, chuma kinayumba, na kila kitu ni furaha. Lakini nani alilipia, nani aliumia, nani aliunda bomu, hayo hayaulizwi. Ni lawama ya haki, na inauma zaidi ukikumbuka mwanzilishi alikuwa wapi alfajiri ile ya Julai 1945. Jibu la Frank lilikuwa la namna yake. Aliamini kwamba mtu akikata tamaa ya kuelewa vitu vinavyomzunguka, atakata tamaa pia ya kuelewa siasa na serikali, na ataacha wengine wamwamulie. Kwa hivyo kumrudishia mtu ujasiri wa kuuliza kwa nini chuma kinayumba kulikuwa, kwake, kazi ya kiraia. Sijashawishika kwamba jibu hilo linamaliza deni. Lakini silioni kuwa jepesi, likitoka kwa mtu aliyeshuhudia jinsi raia wanavyoweza kuamuliwa mambo makubwa kabisa bila kuulizwa.

*

Mwaka wa 1975 Exploratorium ilitoa kitabu cha kwanza kati ya vitatu vya mapishi. Si mapishi ya chakula. Ni namna ya kuunda vile vifaa: vipimo, mbao, mota, kamba, na pia matatizo yaliyowapata wao ili wewe usiyarudie. Hawakuficha chochote. Ukiwa na karakana na vitabu hivyo, ungeweza kuanzisha jumba lako. Watu wakafanya hivyo. Science Museum ya London ikafungua Launch Pad mwaka wa 1986. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Richard Gregory akafungua Exploratory mjini Bristol.

Wapo ambao hawakungoja kitabu. Kolkata, India, ilikuwa na jumba lake la viwanda na teknolojia tangu mwaka wa 1959, na kuanzia 1965 jumba hilo lilipakia majaribio kwenye basi na kuyapeleka vijijini. Kama watu hawawezi kufika kwenye makumbusho, makumbusho yawaendee. Sijui wazo linalotufaa zaidi huku kwetu kuliko hilo.

Hata hivyo walioiga walijifunza jambo moja kwa uchungu. Kifaa kinanakilika, karakana ni kazi zaidi. Ukinunua vifaa ishirini vya kung'aa kutoka ng'ambo, ukavizindua kwa ngoma na matarumbeta, bila fundi wa kuvirekebisha, baada ya muda utakuwa na vifaa ishirini vyenye karatasi iliyobandikwa: kimeharibika. Na kitu cha kugusa kilichokufa kinafundisha somo baya kuliko kabati la kioo, kwa sababu kinamwambia mtoto kwamba hata akijaribu, hakuna kitakachotokea.

Jambo hili linanirudisha Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, miaka miwili tu baada ya Exploratorium. Pale uani pamesimama mijitu ya chuma, likiwemo garimoshi la Garratt nambari 5918, liitwalo Mount Gelai, lenye uzito wa zaidi ya tani 250. Uzuri wa mahali pale ni kwamba watoto wanapanda. Wanaingia mahali pa dereva, wanashika mikono ile ya chuma iliyong'arishwa na viganja vya miaka mingi, wanavuta, wanapiga honi kwa midomo yao.

Lakini mkono ukivutwa, hakuna kinachosogea. Moto ulizimwa zamani. Mtoto anashuka akiwa na furaha na masizi viganjani, na bado hajui maji yaliyochemka yaliwezaje kuupandisha mlima wa chuma kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kumwonyesha hilo hakuhitaji kufufua garimoshi. Kunahitaji birika, bomba, pistoni moja ya kuokotwa, gurudumu la baiskeli, na fundi atakayekaa karibu kila siku kwa sababu mtoto wa kwanza ataving'oa. Mafundi wa namna hiyo wapo. Nenda Kamukunji usikie nyundo zao. Karakana yao iko wazi, kila mpita njia anaiona, na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni falsafa ya makumbusho.

Frank Oppenheimer alifariki Februari 1985. Mwaka wa 2013 Exploratorium ilihamia kwenye gati namba 15, ufuoni mwa San Francisco. Karakana walihama nayo. Iko ndani ya ukumbi, mafundi wanaonekana wakiwa kazini, na wageni wanaendelea kuwaletea vilivyoharibika.